Kuwasha na Kusimamia Ruta ya MikroTik kwa WinBox: Mwongozo kwa Ofisi Ndogo za Mpakani

Ofisi ya wakala wa forodha hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, haiwezi kufanya kazi bila intaneti, kwa kuwa matamko ya mizigo hupelekwa kwa Mamlaka ya Mapato ya Uganda kupitia mfumo wa ASYCUDA World, na lori ambalo hati zake hazijapita hubaki kwenye foleni hata kama dereva wake alifika alfajiri. Hata hivyo, katika ofisi nyingi nilizoingia, ruta, yaani kifaa kinachozigawia kompyuta intaneti, huwekwa juu ya kabati, ikawashwa na kuachwa na mipangilio ya kiwandani mpaka siku itakapogoma. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuiwasha na kuisimamia ruta ya MikroTik kwa kutumia programu ya WinBox, na mfano wangu ni hEX, yaani RB750Gr3, ambayo mafundi wengi wameizoea. Nimezipanga hatua kwa kufuata jambo moja: yale yanayohitaji mkono wako juu ya kifaa yatangulie, kwa sababu karibu kila hatua ya aina hiyo ukiiruka utailipia nauli baadaye.

Kabla ya kuchomeka chochote

MikroTik ni kampuni ya Latvia iliyoanzishwa mwaka 1996. Vifaa vyake hutumia mfumo endeshi uitwao RouterOS, na WinBox ndiyo programu ya kuufungua mfumo huo kutoka kwenye kompyuta. Haiuzwi, na toleo la 4 hufanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Ipakue kwenye tovuti ya kampuni yenyewe tu, wala usikubali nakala ya fleshi kutoka kwa jirani, hata akiwa fundi unayemwamini. Unaponunua ruta, uliza pia kama aina hiyo imeidhinishwa na Tume ya Mawasiliano ya Uganda.

Ruta ya hEX ina poti tano za gigabiti na kumbukumbu ya megabaiti 256, na haina Wi-Fi; wanaotaka Wi-Fi huunganisha kisambazaji kwenye mojawapo ya poti zake. Sifa inayonifanya niipendekeze kwa ofisi zetu ni ya umeme: inakubali volti 8 hadi 30 za mkondo mnyoofu, na kwa hiyo inaweza kuishi moja kwa moja kwenye betri ya sola ya volti 12 bila inveta katikati. Weka fyuzi kwenye waya wa chanya na uhakikishe kwa mita kwamba ncha ya ndani ya plagi ndiyo chanya kabla ya kuichomeka. Kisanduku cha faiba na kile cha 4G, vinavyoiletea ruta intaneti, navyo vipewe umeme wa akiba, kwa sababu ruta inayowaka peke yake gizani haina faida kwa mtu yeyote. Mara nyingi visanduku hivyo huhitaji volti 12 kamili, basi soma lebo ya kila kimoja, kwani betri inayochajiwa hupanda hadi zaidi ya volti 14.

Kuhusu radi nitasema machache. Ukanda wa Ziwa Viktoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani, na ruta nyingi zilizoungua ambazo nimewahi kuzifungua zilipigwa kupitia kebo ya mtandao iliyopita nje ya jengo, si kupitia waya wa umeme. Mvua ikianza kunguruma ofisi ikiwa imefungwa, kuchomoa plagi ya umeme pekee hakutoshi. Chomoa na kebo inayotoka nje.

Kuingia kwa mara ya kwanza

Katika mipangilio ya kiwandani, poti ya kwanza ni ya upande wa intaneti na nne zilizobaki ni za upande wa ofisi. Chomeka laptopu kwenye poti ya pili mpaka ya tano, kamwe si ya kwanza, kwa sababu fayawoli ya kiwandani, yaani ukuta wa ulinzi, humkataa yeyote anayebisha kutokea upande huo. Fungua WinBox, nenda kwenye kichupo cha “Neighbors”, nawe utaiona ruta yako ikiwa na anwani mbili: ile ya IP, yaani namba yake mtandaoni, ambayo kwa kawaida ni 192.168.88.1, na ile ya MAC, iliyotiwa kwenye kifaa kiwandani. Bofya anwani ya MAC. Kuingia kwa MAC hakutegemei laptopu kuwa na anwani ya IP inayolingana na ya ruta, na ndiyo njia itakayokuokoa siku utakapoharibu anwani za IP kwa bahati mbaya.

Jina la mtumiaji ni admin. Kwenye vifaa vya miaka ya karibuni nenosiri limechapwa kwenye kibandiko cha kifaa chenyewe. Kwenye vya zamani halikuwepo kabisa. Piga picha kibandiko hicho kabla hujaifunga ruta ukutani, maana mafundi hupenda kuifunga kibandiko kikiwa kimelalia ukuta. Dirisha litakalokuuliza kama ubaki na mipangilio ya kiwandani au uifute, chagua kubaki nayo. Nawajua mafundi wanaojivunia kufuta kila kitu na kuanza upya, na kwa mtandao mkubwa wana sababu zao. Kwa ofisi ya watu kumi, fayawoli inayokuja na kifaa ni bora kuliko ile utakayoiandika kwa haraka mteja akiwa amesimama nyuma yako.

Baada ya hapo fungua “System”, kisha “Users”, utengeneze mtumiaji mpya mwenye jina lako, umweke kwenye kundi la “full”, umpe nenosiri refu, uingie upya kwa jina hilo, ndipo umzime admin. Nenosiri liandikwe kwenye karatasi, karatasi itiwe ndani ya bahasha, na bahasha akabidhiwe mwenye ofisi. Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja ambayo fundi wake alihamia mji mwingine na nenosiri kichwani mwake. Hakukuwa na njia nyingine isipokuwa kuifuta ruta yote na kuijenga upya, na mwenye ofisi alilipia mara mbili kazi ileile.

Leseni, na ruhusa zinazotaka kidole

Ruta ya RouterBOARD, yaani yenye ubao wa MikroTik yenyewe, kama hEX ilivyo, huja na leseni yake tayari. Iangalie kwenye “System”, halafu “License”: hEX ina daraja la 4, leseni haina mwisho wa muda wake, na hakuna malipo ya mwaka. Anayekuambia leseni ya ruta yako imekwisha na inahitaji kuhuishwa anakutania, au anakutafuta. Daraja hilo linaruhusu watumiaji 200 wa “hotspot”, yaani huduma ya kuwapa watu intaneti kupitia ukurasa wa kuingilia, kwa wakati mmoja, na la 5 linaruhusu 500. Tahadhari moja ni kwamba leseni imefungamana na hifadhi ya kifaa, hivyo usijaribu kuiumba upya hifadhi hiyo kwa programu yoyote isiyo ya MikroTik.

Jambo linalowatatiza wengi siku hizi ni kile RouterOS 7 inachokiita “device-mode”. Tangu toleo la 7.17, kutegemea aina ya kifaa na toleo lililotoka nalo kiwandani, baadhi ya uwezo huwa umefungwa, ukiwemo wa “hotspot”, wa ratiba za kazi na wa kutuma barua pepe. Unaandika mipangilio yako vizuri, lakini mfumo unakataa, nawe unadhani umekosea herufi. Fungua “New Terminal”, andika /system/device-mode/print, na usome ni nini kimekatazwa. Ukihitaji kuruhusu, tuseme, “hotspot” na ratiba, andika /system/device-mode/update hotspot=yes scheduler=yes. Hapo mfumo utakusubiri, kwa kawaida dakika tano, ubonyeze kitufe kilichopo kwenye kifaa au uikate ruta umeme na kuurudisha. Muda ukipita bila hayo, ombi hufutika.

Kizuizi hicho kiliwekwa makusudi, ili mwizi aliyeingia kwa mbali asiweze kuufungua uwezo huo bila kukigusa kifaa, ingawa hakimtofautishi mwizi na wewe mwenyewe uliyekaa nyumbani Tororo. Kwa hiyo amua mapema utahitaji nini, ukiwa bado umesimama mbele ya ruta. Na kama unakusudia kuwauzia watu intaneti kwa vocha, jua kwamba biashara hiyo inahitaji leseni ya Tume ya Mawasiliano, na kwamba majina na namba za simu utakazozikusanya ziko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019.

Masasisho na saa

Fungua “System”, “Packages”, kisha “Check For Updates”, uchague mkondo wa “stable”, upakue na kusakinisha. Ruta itajizima na kuwaka tena, basi usilifanye jambo hili wakati wakala ana tamko nusu kwenye skrini. Likimalizika, nenda “System”, “RouterBOARD”, ubofye “Upgrade”, uiwashe tena ruta kwa mara ya pili; hiyo ni programu ya ndani ya ubao wenyewe, nayo wengi huisahau.

Umuhimu wa masasisho tulifundishwa mwaka 2018. Aprili mwaka huo ziba, yaani sasisho la kuziba tundu kubwa kwenye huduma ya WinBox lilitolewa katika toleo la 6.42.1; tundu hilo lilimwezesha mtu wa mbali kusoma manenosiri ya ruta bila kuingia. Ziba lilikuwepo, ila wenye ruta hawakulisakinisha, na miezi iliyofuata ruta nyingi duniani zilitekwa na kufanyizwa kazi ya kuchimba sarafu za kidijitali.

Saa ni jambo dogo lenye usumbufu mkubwa. Ruta hizi hazina betri ya saa, na kila umeme unapokatika na kurudi, baadhi huamka zikidhani ni mwaka 1970. Kumbukumbu za matukio huwa hazisomeki na ratiba hukimbia saa zisizo zake. Kwenye “System”, “Clock”, weka ukanda wa saa wa Africa/Kampala. Kwenye “NTP Client”, inayochukua saa sahihi kutoka mtandaoni, iwashe na uweke africa.pool.ntp.org.

Kufunga milango

Kwenye “IP”, “Services”, zima telnet, ftp, www, api na api-ssl. Bakiza winbox, ambayo hutumia poti namba 8291, na ssh kama unaijua. Kisha kwenye sehemu ya “Available From” andika 192.168.88.0/24 ili huduma hizo zipatikane kutoka ofisini tu. Kuifungua 8291 kwa dunia nzima kwa sababu unataka kuingia ukiwa nyumbani ni kosa ambalo sitalitetea. Fayawoli ya kiwandani usiiguse kwa sasa.

Laini mbili, na mtego wa mpakani

Ofisi nyingi hapa zina faiba kwa kazi ya kila siku na kisanduku cha 4G kwa dharura. Faiba iko poti ya kwanza. 4G tutaiweka poti ya pili. Hamisha laptopu yako kwenye poti ya tatu, halafu fungua “Bridge”, “Ports”, uiondoe ether2, yaani poti ya pili, humo. Nenda “IP”, “DHCP Client”, uongeze mteja mpya, yaani sehemu inayoomba anwani kutoka kwenye laini, kwenye ether2, na umbali wa njia yake ya msingi uwe 2, ilhali ule wa faiba ni 1. Yenye namba ndogo ndiyo hutangulia. Kisha fungua “Interfaces”, “Interface List”, uiongeze ether2 kwenye orodha ya WAN, yaani ya poti za upande wa intaneti. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayosahauliwa, na matokeo yake huwa ya ajabu: ruta yenyewe inapata intaneti kupitia 4G, lakini kompyuta za ofisini hazipati, kwa sababu kanuni ya NAT ya kiwandani, inayozitoa kompyuta zote nje kwa anwani moja, huzitumikia poti za orodha hiyo tu. Hakikisha pia kisanduku cha 4G hakitoi anwani za 192.168.88.

Mpangilio huo una upungufu mmoja. Kebo ya faiba ikikatika mlangoni mwako, ruta huhama. Lakini katiko likiwa mbali, huko Tororo au Jinja, kisanduku cha faiba huendelea kuitikia kana kwamba hakuna kilichotokea, na ruta hubaki ikimwaga data kwenye shimo. Dawa yake ni kuifanya ruta ipime anwani iliyo mbali badala ya lango la jirani. Kwa faiba yenye lango lisilobadilika, zima “Add Default Route” kwenye mteja wa ether1, halafu ongeza njia mbili kwenye “IP”, “Routes”: ya kwanza iende 8.8.8.8/32, anwani moja ya Google, kupitia lango la faiba, ikiwa na “scope” ya 10. Ya pili iende 0.0.0.0/0, yaani kokote kwingine, kupitia 8.8.8.8, ikiwa na umbali wa 1, “target scope” ya 11 na “check gateway” ya ping. Ruta itapima kila sekunde 10, na ikikosa jibu mara mbili itahamia 4G bila kumwuliza mtu. Anwani utakayoitumia kupimia isiwe ile ile uliyoiweka kwa DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, kwani faiba ikifa nayo haitafikika.

Mtego wa mpakani ni huu. Minara ya Kenya iko ng'ambo ya mto tu, na kisanduku cha 4G chenye laini ya Uganda kinaweza kushika mnara wa huko kwa kuwa una mawimbi yenye nguvu zaidi. Ingia kwenye kurasa za kisanduku hicho, uzime matumizi ya mtandao wa nje, na uchague kampuni yako kwa mkono badala ya kukiachia kijichagulie. Namba ya mtandao ikianza na 641 uko Uganda. Ikianza na 639 umevuka mpaka bila pasipoti.

Kisha jaribu kweli. Chomoa faiba saa ya kazi, mbele ya mwenye ofisi, mhesabu sekunde pamoja.

Foleni

Neno “Queues” katika WinBox halihitaji maelezo marefu kwa mtu wa Malaba. Bila utaratibu, simu moja inayopakua filamu inaweza kuzuia tamko la forodha, kama vile lori bovu linavyoziba barabara. Tuseme faiba yako ni ya megabiti 20. Fungua “Queues”, “Simple Queues”, uongeze foleni yenye “Target” ya 192.168.88.0/24 na kikomo cha 18M kwa kupakia na 18M kwa kupakua. Kikomo kiwe chini kidogo ya kasi unayolipia, ili msongamano utokee ndani ya ruta yako unayoitawala, si kwa kampuni ya mtandao ambako huna sauti. Kwenye “Queue Type” chagua pcq-upload-default na pcq-download-default, na kasi itagawanywa sawa kwa kila anayeitumia.

Ukiona foleni haina athari yoyote, kosa karibu lote liko mahali pamoja. Fayawoli ya kiwandani ina kanuni iitwayo “fasttrack” ambayo huipitisha data njia ya mkato, nayo njia hiyo haipiti kwenye foleni. Ifungue “IP”, “Firewall”, kichupo cha “Filter Rules”, uizime. Ruta itafanya kazi zaidi, lakini kwa laini ya megabiti 20 hEX haitahema.

Kuisimamia kila siku, hata ukiwa mbali

Juu ya dirisha la WinBox kuna kitufe cha “Safe Mode”. Kibonyeze kabla ya badiliko lolote la anwani, fayawoli au njia. Ukijifungia nje kwa bahati mbaya, mawasiliano yakikatika ruta itayarudisha mambo yalivyokuwa ndani ya dakika chache. Mambo yakienda vizuri, kibonyeze tena ili mabadiliko yahifadhiwe. Mimi nilijifunza thamani yake jioni moja nilipokuwa Tororo, nilipoandika kanuni ya kuzuia wageni na kuiweka juu ya ile inayoniruhusu mimi. Nilipanda bodaboda kwenda Malaba usiku ule kwa kosa la sekunde mbili.

Kuingia kwa mbali kuna ugumu wake, kwani laini za 4G, na baadhi ya faiba, hazikupi anwani ya IP ya umma bali hukuchanganya na wateja wengine nyuma ya anwani moja. Ikiwa faiba yako ina anwani ya umma, tumia WireGuard, njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi kwa mbali, iliyomo ndani ya RouterOS 7, na kumbuka kuiongeza anwani ya WireGuard kwenye ile sehemu ya “Available From”. Ikiwa haina, ruta yako ndiyo ianzishe mawasiliano ya WireGuard kuelekea mahali penye anwani ya umma unapopasimamia wewe.

Mwisho wa kila kazi weka hifadhi za aina mbili. Ya kwanza hutoka “Files”, “Backup”. Hubeba kila kitu pamoja na watumiaji, na ni ya kurudishwa kwenye ruta ileile. Ya pili hutoka kwenye “New Terminal” kwa amri ya /export file=ofisi, nayo ni maandishi ya kawaida unayoweza kuyasoma na kuyahamishia kwenye kifaa cha aina nyingine. Katika RouterOS 7 maandishi hayo huficha manenosiri mpaka uongeze show-sensitive. Zote mbili zivute zije kwenye laptopu, kwani hifadhi iliyobaki ndani ya ruta huungua pamoja nayo.

Na siku yote yatakaposhindikana, chomoa umeme, bonyeza kitufe cha “reset” ukiendelea kukishikilia, urudishe umeme, na uachie taa inapoanza kumetameta. Ruta itarudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Ukichelewa mpaka taa iwake bila kumetameta, itaingia hali ya kutawaliwa na ruta nyingine, na ukichelewa zaidi mpaka izimike, itasubiri kusakinishwa upya kwa programu ya Netinstall. Ukiachia mahali pasipo pake, chomoa umeme uanze tena, taratibu, ukiangalia taa.